Wimbo wa kwaya uliobadilishiwa mwenyewe: uchambuzi wa kisa kimoja cha Bukavu

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea Bukavu, mashariki mwa Kongo, kati ya mwaka 2019 na 2022. Pande zote zilikisoma kabla sijakitoa, zikakubali kitumike kufundishia. Jina la kanisa, la kwaya, la studio na la wimbo wenyewe nimeyaondoa, na viwango vya pesa nimevisogeza kidogo ili mtu asibashiri. Mtunzi nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo wanakwaya wote wanavyomwita, hata wale waliomzidi umri. Mwenye studio nitamwita Patroni. Yaya ni dada aliyekulia katika kwaya hiyo na sasa anaishi Ubelgiji. Mama wa Alto ni mjane anayeimba sauti ya pili, na msomaji akimsahau njiani atakuwa amerudia kosa lile lile lililotuchelewesha wiki tatu.

Mimi si wakili. Nasaidia waimbaji na wachoraji wa Kivu ya Kusini kupanga karatasi za kazi zao. Katika kisa hiki niliitwa Agosti 2022, mambo yakiwa yameshachacha.

Wimbo ulivyozaliwa

Mwalimu anafundisha shule ya msingi mchana, usiku anatunga. Nyimbo zake huziandika kwa solfa katika daftari la shule: d, r, m, f, s, nukta mbili za kugawa mapigo, mstari wa wima wa kufunga kipimo, na maneno chini yake. Novemba 2019 aliandika wimbo wa kuwafariji waliofiwa, beti tatu, zote za Kiswahili.

Siku ya mazoezi Mama wa Alto alimwambia kwamba ubeti wa tatu hauna uzito. Akaomba ruhusa, akaimba maneno ya Kimashi, lugha ya Washi wa Kivu ya Kusini, aliyoyapanga mwenyewe wakati alipomzika mumewe, akiyatia katika sauti ile ile ya Mwalimu, yaani melodi yake. Walionisimulia wanasema hakuna aliyeongea kwa muda. Mwalimu akaufuta ubeti wake kwa mstari mmoja, akaandika wa mama pembeni ya ukurasa kwa kalamu ya rangi nyingine.

Kwa zaidi ya mwaka wimbo ulikaa kanisani tu. Kisha ukaanza kuombwa kwenye matanga, na waombaji hawakuujua kwa jina lake. Waliuita kwa neno la kwanza la ubeti wa Kimashi.

Machi 2021 kwaya ikachanga ili iurekodi. Studio ilitaka dola 300 kwa siku mbili. Mfukoni zilikuwepo 160. Patroni, ambaye naye ni mtu wa kusali, aliwaambia: "Leteni hiyo mliyo nayo, ingine nitaitoa mimi kwa kazi ya Mungu." Akaitoa kweli. Alipiga kinanda yeye mwenyewe, akaongeza besi, umeme ulipokatika akanunua mafuta ya jenereta, na usiku wa pili hakulala. Haya nayasema mapema kwa sababu baadaye watu walimzungumzia kana kwamba hakufanya chochote.

Hakuna aliyeandika neno. Kwaya iliondoka na flashi yenye wimbo uliokamilika. Mafaili ya kazi, yaani sauti moja moja kabla hazijachanganywa, yalibaki katika kompyuta ya studio.

Mambo yalivyofuatana

Mei 2021 Yaya aliuweka wimbo huo kwenye chaneli ya YouTube ya kwaya, aliyoifungua miaka mingi nyuma na iliyofungamana na akaunti yake ya benki huko Ubelgiji. Kila baada ya miezi michache alikuwa akituma kile kidogo kilichoingia. Sare za mwaka ule zilinunuliwa hivyo.

Novemba 2021 Patroni aliupeleka wimbo ule ule kwa kampuni ya kusambaza muziki mtandaoni. Fomu ya kampuni ilimwuliza msanii ni nani, akaandika jina la studio. Ikamwuliza mtunzi ni nani, akaandika jina lake. Kwaya ikatajwa ndani ya kichwa cha wimbo tu. Kisha akatia alama kwenye kisanduku kinachoruhusu wimbo kulindwa kwa Content ID, mfumo ambao YouTube iliuanzisha mwaka 2007. Mfumo huo huchukua alama ya sauti ya rekodi iliyosajiliwa na kuilinganisha na video zilizopandishwa. Ikipata inayofanana, aliyesajili anaweza kuifunga video, kuiangalia tu, au kuiacha iendelee huku pesa ya matangazo ikija kwake. Patroni alichagua la mwisho.

Kwa hiyo kwaya ikadaiwa kwa wimbo wake. Yaya alipata barua pepe wiki hiyo hiyo. "Niliona video bado inacheza," aliniambia kwa simu, "nikasema haya ni mambo yao ya matangazo." Dai la namna hiyo haliifungi chaneli wala haliipi onyo. Linageuza tu njia ya pesa. Miezi minane ikapita.

Julai 2022 kwaya ilitaka kupeleka albamu nzima kwa msambazaji mwingine. Nyimbo zote zikapokelewa isipokuwa ule mmoja: rekodi hii imekwishasajiliwa na mtu mwingine. Vijana wakaufungua katika programu ya kusikilizia muziki, wakasogeza kidole hadi mahali pa majina. Jina la Mwalimu halikuwepo popote.

Yaliyofuata katika siku nne yaliharibu kazi ya miezi. Kijana mmoja aliingia kwenye chaneli kwa nywila ya Yaya akalipinga dai lililokuwa juu ya video ya pili, video ya sikukuu ya kwaya waliyoiwekea sauti ile ile ya studio. Fomu ikamwomba achague sababu. Akachagua "matumizi ya haki" kwa sababu neno haki lilikuwemo. Pingamizi likakataliwa. Kijana mwingine akachukua picha ya Patroni, akaandika juu yake MWIZI WA NYIMBO ZA MUNGU, akaisambaza katika vikundi vya WhatsApp. Ilifika kwa mke wake na kwa watoto wake shuleni. Tangu siku hiyo Patroni hakupokea tena simu ya mwanakwaya yeyote, na aliagiza ujumbe kwamba atafungua kesi ya kashfa.

Pasta akawaita pande zote mbili. Alisikiliza saa nzima, akasema: "Wanangu, wimbo ni wa Mungu. Ninyi wote ni vyombo." Mzee huyo namheshimu, na maneno yake yana mahali pake. Lakini pale yaliufunga mlango. Patroni aliyakubali haraka, kwa kuwa yalimwacha alipo. Mwalimu aliona aibu kuyapinga, kwa kuwa angeonekana anapenda pesa kuliko ibada. Wakati huo huo kampuni ya usambazaji ilikuwa ikilipa mtu, na mtu huyo alikuwa na jina kwenye fomu.

Daftari mezani

Nilipofika kwa Mwalimu, alikuwa ameandaa meza: daftari, simu yake ya zamani, na bahasha. Daftari lilikuwa limeingia maji ya mvua upande mmoja, kurasa zimejikunja, lakini wino wa ukurasa ule ulisomeka. Juu kulia, tarehe. Chini yake mistari ya solfa, imefutwa hapa na pale. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ubeti wa Kimashi.

Katika simu kulikuwa na sauti iliyotumwa Desemba 2019 kwenye kikundi cha kwaya kwa ajili ya waliokosa mazoezi. Haikufika dakika moja. Mtu anagonga meza kushika mapigo, Mwalimu anaita "sauti ya pili, tena", na Mama wa Alto anaingia. Kwa macho yangu hicho kilikuwa kitu chenye thamani kuliko vyote mezani, kwa sababu kilikuwa na tarehe ambayo hakuna kati yetu angeweza kuibadilisha, na kilikuwa bado katika simu za watu zaidi ya thelathini.

Katika bahasha kulikuwa na karatasi ambamo alikuwa amenakili ujumbe wa malipo kwa simu: dola 160, kwenda kwa Patroni, Machi 2021. Ujumbe wenyewe ulikuwa ungali ndani ya simu ya mweka hazina.

Nikamwomba Mwalimu aandike tamko fupi kwamba yeye ndiye mtunzi. Alishika kalamu, akaiweka chini. Nikauliza, "Ubeti huu mwekundu ni wa nani?" Akajibu, "Ni wa kwaya." Mama wa Alto alikuwa ameketi karibu na mlango, ameinamisha kichwa.

Hapo ndipo zilipopotea zile wiki tatu. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Kwake, kusema "ni wa kwaya" ilikuwa unyenyekevu. Lakini Patroni alikuwa ametumia neno hilo hilo, kwa maana nyingine: ikiwa ni wa kwaya, si wa mtu, basi yeyote aliyefanya kazi na kwaya anaweza kuuandikisha. Vikao vitatu vilifanyika, kimoja hadi usiku. Mwishowe Mwalimu alisimama mbele ya wote akamwambia mjane yule, "Mama, nilikosa. Maneno ni yako, na mimi niliyaimbisha miaka mitatu bila kukutaja." Naye alijibu kwa sauti ndogo, "Aksanti, Mwalimu. Mimi sikutaka pesa. Nilitaka yule marehemu ajue."

Tamko likaandikwa upya: sauti ni ya Mwalimu, maneno ya ubeti wa kwanza na wa pili ni ya Mwalimu, maneno ya ubeti wa tatu ni ya Mama wa Alto, waimbaji ni kwaya. Wote wawili wakatia saini, na wazee wawili wa kanisa wakashuhudia.

Sheria iliyokuwa mkononi mwetu

Sheria yetu ya hakimiliki ni amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Inalinda haki za mtunzi na zile za walio jirani naye, ambazo kwa Kiswahili huitwa hakishiriki: za waimbaji na wapigaji, na za aliyeitoa rekodi. Kongo iko pia katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Mkataba huo una kanuni moja ambayo ningependa kila mwalimu wa kwaya aijue kama anavyojua d-r-m: haki ya mtunzi haitegemei kuandikishwa popote. Inazaliwa siku kazi inapozaliwa. Usiku ule wa Novemba 2019 daftari lilipofungwa, haki ilikuwa imekwishakuwepo, na inaendelea hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Mkataba huo huo unampa mtunzi haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake isiharibiwe, hata akiwa ameuza haki zote za pesa.

Kuna pia shirika la kukusanya haki za watunzi, SOCODA, lililoundwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya SONECA ya mwaka 1969. Kujiunga nalo kunasaidia kukusanya pesa na kuweka kumbukumbu. Haki yenyewe haianzii hapo.

Sasa tazama upande wa pili. Mtandao wa video unafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayoiondolea kampuni lawama ikiwa inashughulikia malalamiko ya wenye haki na kuondoa kinacholalamikiwa. Kampuni haikai kama hakimu. Inapokea maneno ya aliyedai, inampa nafasi aliyedaiwa, na ikiwa wote wanashikilia, inawaambia waende mahakamani. Kwa hiyo asiyejibu anachukuliwa kama aliyekubali. Kwa sheria ya Kongo mwenye wimbo alikuwa Mwalimu na Mama. Kwa mashine, alikuwa yule aliyejaza fomu kwanza. Kati ya mambo hayo mawili ndipo pesa ya miezi minane ilipopita.

Na lile neno lililomponza kijana? "Matumizi ya haki" ni utetezi wa sheria ya Marekani, wa mtu anayetumia kazi ya *mwingine* kwa uhakiki, habari, mafundisho na mfano wa hayo. Alipolichagua, kijana alikuwa amekiri bila kujua kwamba wimbo si wao.

Maamuzi, na kwa nini

Vijana walitaka tupeleke ombi la kuondoa wimbo wa Patroni kila mahali. Lilikuwa wazo la kwanza na nililikataa, kwa sababu mbili. Kwanza, Patroni angeweza kujibu kwa hati ya kupinga, na hapo mlalamikaji hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, la sivyo kazi inarudishwa. Kwaya iliyoshindwa kutimiza dola 300 za studio haikuwa na uwezo wa kesi ya haraka hivyo. Pili, rekodi ile ndiyo iliyokuwa ikisikilizwa Uvira, Bujumbura na kwingineko. Kuifuta kungefuta pia wasikilizaji.

Tukachagua njia tatu kwa wakati mmoja.

Video ya kwanza, ile ya Mei 2021, dai lake lilikuwa halijapingwa kamwe. Tulilipinga sasa, kwa sababu sahihi, kwamba sisi ndio wenye kazi hii, tukaeleza kwa mistari sita: tarehe ya daftari, tarehe ya sauti ya WhatsApp, malipo ya studio, tarehe ya kupandishwa kwa video, ambayo ilikuwa miezi sita kabla ya usajili wa Patroni. Hakukuwa na Biblia wala matusi ndani yake. Aliyedai hupewa siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linakufa.

Video ya sikukuu tuliiacha kabisa. Ngazi iliyobaki pale ilikuwa rufaa, na rufaa ikikataliwa mdai anaweza kuomba video iondolewe, jambo linaloleta onyo juu ya chaneli. Maonyo matatu ndani ya siku 90 huweza kuifunga chaneli yote, na humo mlikuwa na nyimbo za waliokwisha kufa. Sikuwa tayari kuzitia hatarini kwa ajili ya video moja ya sikukuu. Yaya alilia kwenye simu nilipomwambia, kisha akakubali.

Njia ya tatu ilikuwa barua. Wakili mmoja wa mjini aliandika onyo rasmi la kurasa mbili kwa bei ya heshima. Jambo nililompendekezea, naye akalikubali, ni kwamba aya ya kwanza ya barua iombe radhi kwa picha ile ya WhatsApp. Kwaya ilikuwa imeshamwondoa aliyeisambaza katika uongozi wa vijana. Baadhi ya wazee waliona tunajidhoofisha. Mimi niliona kwamba mtu aliyeitwa mwizi mbele ya watoto wake hawezi kusoma aya ya pili ya barua yoyote.

Kikao

Patroni alikuja siku ya kumi na mbili baada ya barua, peke yake, na kompyuta. Aliketi, akakataa soda. Aliifungua taarifa ya mapato akaigeuza tuione. Jumla ya mitandao yote, tangu Novemba: dola 412. Nadhani kila mmoja mezani alikuwa amejiambia ni elfu kadhaa.

Alisema aliupeleka wimbo kwa msambazaji kwa sababu aliona watu wanaukata vipande na kuutia kwenye video fupi za matangazo ya biashara, na hakuna aliyekuwa akiulinda. Mwalimu alimwuliza, "Kwa nini basi hukuandika jina langu, ndugu yangu?" Akasema fomu ilitaka mtu mmoja, alikuwa peke yake usiku, akaandika. Sijui kama hiyo ndiyo kweli yote. Najua kwamba fomu za namna hiyo hukubali majina mengi, na nilimwonyesha pale pale kisanduku cha kuongeza jina.

Kisha akasema neno ambalo lilistahili jibu: "Na zile dola 140 nilizowaachia? Na kinanda? Mimi si kitu katika wimbo huu?" Alikuwa na hoja. Kwa sheria, anayeanzisha kazi ya kurekodi na kubeba jukumu lake ndiye mtoaji wa rekodi, na ana hakishiriki yake. Kwaya ilianzisha na kulipa zaidi ya nusu; yeye alibeba sehemu iliyobaki, na ni mpigaji ndani ya rekodi ile. Wakili alikiri kwamba mahakama ingeweza kuona mambo kwa njia zaidi ya moja. Lakini utunzi ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa na sehemu katika *rekodi* bila kuwa na hata noti moja ya *wimbo*. Hilo ndilo lililofungua kikao: aliposikia kwamba tunamtambua katika la kwanza, aliacha kulishikilia la pili.

Matokeo

Mkataba ulikuwa kurasa tatu, Kifaransa na Kiswahili upande kwa upande, maana Mama wa Alto hasomi Kifaransa na nilikataa atie saini kitu asichokisoma. Mwalimu na Mama ni watunzi. Kwaya ni msanii. Rekodi ni ya kwaya na studio, na mapato yake yanagawanywa robo kwa Patroni na robo tatu kwa kwaya, kwa miaka mitano, kisha watazungumza tena. Zile dola 412 hazikurudishwa kwa pesa taslimu: Patroni alizilipa kwa siku tatu za studio, na safari hii na karatasi.

Dai juu ya video ya kwanza aliliachia siku ya 19. Na lile la sikukuu pia. Pesa iliyozuiwa tangu siku ya pingamizi ilifika kwenye chaneli. Iliyotangulia haikurudi. YouTube huzuia pesa tangu siku ya kwanza ya dai ikiwa pingamizi limewekwa ndani ya siku tano. Ukichelewa, huzuia kuanzia siku uliyopinga tu. Barua pepe ya Yaya ilikuwa na umri wa miezi tisa na zaidi.

Majina katika programu za muziki yalichukua wiki kadhaa kubadilika, kila mtandao kwa mwendo wake.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichotuokoa ni vitu ambavyo hakuna aliyevifanya kwa ajili ya sheria. Mwalimu huweka tarehe kwa sababu ni mwalimu wa shule. Sauti ya WhatsApp ilitumwa kwa ajili ya wagonjwa na wasafiri. Malipo yalipita kwenye simu kwa sababu mweka hazina aliogopa kutembea na pesa. Ningesema kwaya nyingi za Kivu zina ushahidi wa namna hii na hazijui. Hatari ni kwamba simu huibiwa, madaftari huliwa na maji, na vikundi vya WhatsApp hufutwa mtu anapobadilisha simu. Baada ya kisa hiki tulipiga picha kurasa zote za daftari, tukazituma kwa watu watatu walio katika miji tofauti. Sheria ya dijitali (Code du numérique) ya tarehe 13 Machi 2023 imeyapa maandishi ya kielektroniki nafasi katika sheria ya nchi. Wakati wa kisa chetu haikuwepo, na wakili alilazimika kuegemea zaidi daftari.

Kuomba radhi kwanza kulifaa kuliko nilivyotegemea.

Kosa kubwa ninaliweka Machi 2021, siku ile ya "ingine nitaitoa mimi". Watu wetu huona aibu kutoa karatasi mbele ya mtu anayekusaidia. Ni kama kumwambia humwamini. Naelewa aibu hiyo, nimelelewa nayo. Lakini Patroni mwenyewe aliniambia kwamba kama siku ile mtu angemwekea mbele ukurasa mmoja wenye majina, angeutia saini kwa furaha, kwa sababu moyo wake wakati ule ulikuwa unatoa. Miezi minane baadaye, peke yake usiku mbele ya fomu, moyo ulikuwa mwingine. Karatasi inamlinda pia anayetoa, dhidi ya siku yake mbaya.

Kosa la pili ni letu na Yaya: chaneli ilikuwa ya mtu mmoja, barua pepe moja, nchi nyingine. Sasa arifa zinafika kwa watu watatu, na mmoja wao yuko Bukavu.

Kosa la tatu ni langu. Katika kikao cha kwanza nilimwomba Mwalimu atie saini kama mtunzi pekee kabla sijauliza juu ya wino mwekundu. Kama angekubali, tungempokonya mjane kazi yake kwa barua iliyoandikwa kumlalamikia mtu kwa kosa hilo hilo, na Patroni, aliyekuwepo studio siku Mama alipoimba ubeti ule na aliyejua vizuri ulitoka kwa nani, angetuumbua mezani.

Na kuna jambo ambalo bado sijalipatia jibu. Nyimbo nyingi za kwaya zetu hukua kama ule ulivyokua: mmoja analeta sauti, mwingine anabadilisha neno, mzee anaongeza mwito wa zamani usio na mwenyewe. Sheria inataka majina, na fomu inayataka zaidi. Sitaki kwaya ifike mahali ambapo mama anayetoa neno zuri mazoezini anaulizwa kwanza asilimia ngapi.

Mwalimu amepata njia yake. Katika daftari jipya, chini ya kila wimbo, anachora visanduku vitatu kwa rula: sauti, maneno, tarehe. Baada ya mazoezi anauliza tu, "Nani alituletea hili?" na kuandika wanavyomjibu. Kwenye programu moja ya muziki jina la Mama wa Alto lilitoka na kosa la herufi moja. Alinionyesha kwa kidole chake, akataka lisahihishwe, kwa sababu ni jina la mumewe. Ombi limekwenda mara mbili.